TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: SHIMO ULILOLIACHA



Jana baada ya darsa mwenzetu mmoja aliuliza: maji ya kijito yakiwa mekundu kwa kutu inayotoka kwenye mashimo ya zamani ya machimbo, udhu unaswihi?

Jibu fupi: maji yakibadilika kwa udongo au madini ya njia yake, wanazuoni wanasema bado ni tohara. Lakini jamani, tohara ni jambo moja, usalama ni jambo jingine. Unaweza kuyatawadhia, na mtoto akiyanywa yakamdhuru. Na kuchemsha hakuondoi madini.

Mwamba wenye salfa, kama ule unaoambatana na makaa ya mawe, ukifukuliwa ukakutana na hewa na mvua, hutoa asidi. Asidi huyeyusha chuma na madini mengine. Mchimbaji kaondoka zamani, shimo bado linafanya kazi. Kwenye dhahabu kuna zebaki: ikifika mtoni huingia kwa samaki, kisha kwa mama mjamzito na aliyemo tumboni.

Sasa sisi tunaishi wapi? Makaa yako Ngaka, dhahabu iko Darpori. Maji ya Ngaka hushuka Ruhuhu, na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa. Wa milimani wanachimba, wa ziwani wanavua usipa.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu wa jahazi moja, kaupokea Bukhari. Wa chini walitaka kutoboa tundu upande wao, wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Zingatia hapo: hawakuwa na nia mbaya. Walitafuta maji tu, kama wewe ulivyotafuta riziki.

Basi ndugu yangu uliyewahi kuchimba, swaumu haifuti haki ya jirani. Kabla ya Idi, nenda kafukie ulichofukua. Usioshee dhahabu mtoni. Na wewe usiyechimba, ukiona shimo kubwa linatiririsha maji, usinyamaze: mwambie mwenyekiti wa kijiji, lifike Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa.

Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake, alielekezwa kwenye sadaka ya maji. Anayelinda kijito naye katoa sadaka hiyo.

Ewe Mola, tusamehe tulichokiharibu, utupe nguvu ya kukitengeneza. Aamin.

Futari njema. Mtumie na mwenzio aliyeko machimboni.