Pikipiki ya marehemu baba: mrithi anapashwa nini?

Kitu alichokitumia marehemu si sawa na kitu kilichonunuliwa jana dukani. Jembe la babu, kigoda cha nyanya, ngoma ya ukoo: watu huvishika kwa heshima, na kuvitaja kwa sauti ya taratibu. Walakini vitu hivyo huchakaa kama vitu vingine vyote. Mpini huvunjika, ngozi hupasuka, chuma huliwa na kutu. Hapo mrithi hupatwa na maulizo magumu. Akitengeneze, ama akiache? Akikitengeneza kwa vipande vipya, je, kingali kile kile cha marehemu? Na watu wakimwuliza habari zake, awajibu nini?

Maulizo hayo huonekana wazi katika kazi moja inayopendwa na watu wengi wa Ulaya, ndiyo kuunda upya nyumbani pikipiki ya zamani iliyoachwa na baba au babu.

Mashini yenyewe

Katika Ubelgiji, karibu na mji wa Liège, kuna mji unaoitwa Herstal. Huko kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 kwa kuunda bunduki. Baadaye mafundi wake waliunda baiskeli, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuunda pikipiki. Mwaka 1905 walitoa pikipiki yenye silinda 4, tena isiyo na mnyororo: nguvu ya injini ilipelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa mhimili wa chuma. Viwanda vya Saroléa na Gillet viliunda pikipiki katika mji ule ule. Kabla ya mwaka 1970 kazi hiyo ilikuwa imekwisha Herstal. Basi anayerithi leo pikipiki ya namna hiyo hawezi kuagiza kipande kwa wale walioiunda. Anapashwa kukitafuta kwa watu wenye vyuma vya zamani, ama kumwomba fundi amchongee kingine.

Tuseme baba mmoja wa nchi ile amekufa, ameacha watoto 3 na pikipiki moja ya Herstal, imefunikwa turubai katika kibanda nyuma ya nyumba. Injini imeganda, matairi yamepasuka. Rangi ya tangi imefutika mahali pawili, pale magoti ya marehemu yalipogusa miaka mingi. Mtoto wa kwanza ataka kuifufua. Atende namna gani ili atende haki?

Ulizo la kwanza: je, ni ile ile?

Wenye hekima wa zamani walikwisha kubishana juu ya jambo hilo. Mgiriki Plutarch aliandika habari za merikebu ya shujaa Theseus, iliyotunzwa na watu wa Athens. Kila ubao ulipooza, waliuondoa wakatia mpya. Wengine walisema merikebu ni ile ile, wengine walisema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza fumbo: kama mtu angeziweka mbao zote zilizoondolewa, akaziunga tena kwa utaratibu wao wa kwanza, ipi ingekuwa merikebu ya kweli?

Yule asemaye kwamba kitu ni mata yake tu, yaani chuma chake au mti wake, hujikwaa upesi. Marehemu mwenyewe alibadili matairi, mnyororo na buji mara nyingi alipokuwa mzima. Je, kila mara alipata pikipiki nyingine? Hapana. Na yule asemaye kwamba kitu ni umbo lake tu hujikwaa vilevile. Pikipiki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zina umbo moja, lakini moja ni ya baba huyu, na nyingine ni ya jirani.

Kuna jambo la tatu, nalo ni njia ambayo kitu kimeipita, toka mkono hata mkono, pasipo kukatika. Mtu akibadili mpini wa jembe la babu mwaka huu, na baada ya miaka 5 akabadili chuma chake, hakuna mtu kijijini atakayesema jembe la babu limepotea. Kila mara lilikuwa jembe lile lililopokea kipande kipya, na kipande hicho kikazoea kazi pamoja na vya zamani. Lakini mtu akinunua sokoni mpini mpya na chuma kipya siku moja, akaja kusema, «Tazameni jembe la babu», watu watamcheka. Vipande vipya ni viwili huku, ni viwili huko. Lakini njia si moja.

Serikali haichunguzi mambo hayo marefu. Hutazama namba iliyogongwa katika fremu na katika injini. Ni vema hivyo, kwa sababu sheria yataka alama moja iliyo wazi. Lakini dhamiri ya mrithi haiwezi kuishia kwenye namba.

Ulizo la pili: je, anapashwa kuifufua?

Wengine watasema, «Amri yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, basi kuiacha pikipiki ya baba ioze ni kumdharau baba.» Neno hilo lataka kupambanuliwa. Kama mtoto aliahidi mbele ya baba yake kuitengeneza, ahadi humfunga, maadamu aweza kuitimiza pasipo kumdhuru mtu. Lakini kama baba aliacha mashini bila neno, aliacha mali, hakuacha agizo. Mtoto aweza kuiuza, aweza kumpa mtu mwingine, wala hana kosa. Heshima ya baba haikufungiwa ndani ya tangi.

Tena, kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, kuna haki ya ndugu. Pikipiki si ya mtoto wa kwanza, ni ya watoto 3. Ikadiriwe bei yake jinsi ilivyo chini ya turubai, ikiwa na kutu yake yote, mbele ya mashahidi. Kila mmoja apate fungu lake, ndipo kazi ianze. Wakingoja mpaka ing'ae, ugomvi hauna budi kuzaliwa. Wale wawili watadai faida ya jasho wasilolitoa, naye atawadai gharama wasiyoikubali. Jamaa nyingi hazikuvunjwa na ubaya wa mtu, zilivunjwa na hesabu iliyofanywa kwa kuchelewa.

Mwingine atapinga zaidi: «Hicho ni kichezeo tu. Auze chuma, feza iwasaidie wenye shida.» Neno hilo lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Ikiwa watoto wake hawajalipiwa shule, au mama yake mjane hana dawa, naye anunua kabureta ya miaka 70, mtu huyo amepindua utaratibu wa mapashwa: amemtumikia marehemu asiye na haja, amewanyima wazima wenye haja. Asiwe baba mbaya kwa kumkumbuka baba yake. Lakini ikiwa wa nyumbani wametoshelezwa, na maskini hakusahauliwa, kazi ya mikono saa za jioni si upotevu. Ufundi husahauliwa upesi. Injini isiyofunguliwa na mtu yeyote kwa miaka mingi, mwisho hakuna ajuaye kuifunga.

Adabu ya kazi

Mashini ya zamani humfundisha mtu uvumilivu. Mwenye haraka huigonga injini iliyoganda kwa nyundo, akaivunja. Mwenye busara hutia mafuta ndani ya silinda, akangoja siku nyingi mpaka pistoni ilegee. Kabla ya kuondoa kitu huchora mahali pake. Kila skrubu huitia katika kopo lake lenye jina. Akiona kipande kimelika upande mmoja, hujiuliza sababu, kwa maana mlio wake huonyesha namna marehemu alivyoendesha na mahali alipokosea. Hivyo mtoto humjua baba yake katika mambo ambayo maneno hayakuyasema, hata katika makosa yake: waya uliofungwa badala ya skrubu, mafuta yaliyokawia kubadiliwa.

Wengi hupenda kuanza na rangi, kwa sababu rangi huonekana. Lakini breki ndizo za kwanza kuangaliwa, na fremu, na njiti za magurudumu, kwa maana uhai wa watu wategemea hivyo. Breki za zamani mara nyingi zilikuwa na asibesto, na vumbi lake hudhuru mapafu na kuleta kansa. Jumuiya ya Ulaya iliikataza tangu mwaka 2005. Basi mrithi asiyapulize mavumbi hayo kwa kinywa wala asiyapanguse makavu. Naye asimwache mtoto acheze karibu. Kutunza kitu cha marehemu kwa kuwahatarisha wazima si heshima.

Ulizo la tatu: awaambie watu nini?

Hapa ndipo watu wengi huanguka. Rangi mpya huficha mambo mengi. Fremu yatoka Liège, injini yatoka pikipiki nyingine, tangi limeundwa juzi, naye mwenyewe husema, «Ni ile ile, haikuguswa tangu kiwandani.» Wengine hufuta namba ya injini na kugonga nyingine ili ilingane na fremu, kwa sababu wanunuzi hulipa zaidi kwa namba zinazolingana.

Walinzi wa vitu vya zamani walikwisha kutafuta kanuni. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walipatana Venezia kwamba kutengeneza kunapashwa kukoma pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba kilichoongezwa kipambanuliwe na cha asili. Chama cha mataifa cha vyombo vya zamani, kiitwacho FIVA, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilifuata mawazo hayo katika hati yake ya Turin ya mwaka 2012. Kwa hiyo mrithi mwema huwa na daftari: kipande hiki ni cha kwanza, hiki kimechongwa upya, hiki kimenunuliwa mwaka fulani. Daftari hilo halipunguzi thamani ya kazi, bali laipa mashahidi.

Atasema mtu, «Mnunuzi amefurahi, hakuna aliyeumia.» Sivyo. Mnunuzi ametoa feza kwa kitu asichokipata. Furaha yake imejengwa juu ya uwongo, na siku atakapojua itageuka aibu. Marehemu naye ameshuhudiliwa uwongo, maana amepewa mashini asiyoipanda kamwe.

Na ile rangi iliyofutika kwa magoti? Hapo hakuna sheria. Anayepaka upya huiona pikipiki kama baba alivyoipokea. Anayeiacha huiona kama baba alivyoiacha. Njia zote mbili ni halali. Ila rangi ya magoti ikipakwa leo hairudi tena. Kwa hiyo yafaa mtu angoje, awaulize ndugu zake, kisha akate shauri.

Maulizo ya kukumbuka

1. Je, kitu kilichotengenezwa kwa vipande vipya chaweza kuwa kile kile? – Ndiyo, kama kilipokea vipande hivyo katika njia yake moja isiyokatika; siyo kama jina tu limehamishwa juu ya kitu kingine.

2. Je, mrithi anapashwa kuvifufua vitu vya marehemu? – Siyo, ila kama aliahidi. Lakini anapashwa kuwapa ndugu haki yao kabla ya kuanza.

3. Gharama iwe na mpaka gani? – Mpaka wake ni haja za wazima, kwanza wale aliokabidhiwa.

4. Aulizwapo kama pikipiki ni ya asili, ajibu nini? – Afungue daftari, aonyeshe kipande kwa kipande.