Mtaa kama Mtunzi: Hakimiliki na Umiliki wa Neno katika Eastlands

Suala la nani mwenye neno aghalabu huachiwa wanasheria, ilhali ni suala la uhakiki wa fasihi vilevile. Makala haya yanalichunguza kwa kurejelea mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako wanaisimujamii wengi wanakubaliana kwamba Sheng ilichipukia. Hoja ya msingi ni kwamba kisichoweza kumilikiwa kisheria chaweza kudaiwa kimaadili, na kwamba mdaiwa wa kwanza ni mwanataaluma mwenyewe.

Miongoni mwa wanasheria wa Kenya waliolishughulikia suala hili kwa kina ni Profesa Ben Sihanya, aliyefundisha sheria ya miliki bunifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilihusu hakimiliki na ubunifu nchini Kenya. Mnamo 2016 alichapisha kitabu juu ya miliki bunifu na uvumbuzi nchini Kenya na barani Afrika. Mwelekeo wa kazi hiyo wamfaa mhakiki: hakimiliki haichukuliwi kuwa kanuni iliyoshuka ikiwa kamili, bali hujengwa na siasa, uchumi na utamaduni. Ikiwa hujengwa, basi sharti iulizwe hujengwa kwa kipimo cha nani.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, hulinda kazi iliyotiwa katika umbo la kudumu na iliyofanyiwa juhudi za kutosha kuipa upekee. Kipimo hiki chawafaa Kalamashaka wa Dandora pindi wimbo wao unaporekodiwa. Hakimfai kijana wa Kaloleni au Jericho anayelizua neno kwenye kituo cha matatu, wenzake wakaligeuza, wa mtaa wa pili wakaliongezea maana, hata likafika studioni likiwa limepita vinywani mwa wengi. Mtunzi yupo, ila ni wengi. Kazi ipo, ila haitulii.

Yaweza kujibiwa kwamba pengo hili limezibwa. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 iliagiza itungwe sheria ya kuzihakikishia jamii fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Hata hivyo, sheria hiyo yalenga yale yanayorithishwa kizazi hadi kizazi, ilhali uhai wa Sheng umo katika kukataa urithi: neno la kaka mkubwa humchekesha mdogo wake. Hivyo ubunifu wa Eastlands wabaki katikati, si wa mtu mmoja wala si wa jadi.

Je, itungwe sheria ya tatu? La. Neno likiwekewa ua na bei, mchezo uliolizaa utakoma, na atakayenufaika ni mwenye wakili. Lakini kutomiliki si kutodai. Sheria yenyewe hutenganisha haki ya kulipwa na haki ya kimaadili ya kutambuliwa kuwa mtunzi. Hii ya pili ndiyo mtaa unayostahili.

Hapa mhakiki hana budi kujitazama. Kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ina majina mawili jaladani, kama desturi inavyotaka. Ndivyo zilivyo tasnifu zote: mtafiti huenda Eastlands na daftari, hurudi na shahada, na waliompa maneno huitwa watoa habari. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini yule kijana wa kituoni alikuwa akitunga, si kutoa habari, na kumwita vinginevyo ni kumnyang'anya kazi yake kwa istilahi. Kumtaja kwa ridhaa yake, kuutaja mtaa wake, na kuurudisha utafiti mahali ulikotolewa ni deni ambalo mahakama haitalidai kamwe. Ndiyo maana ni la maadili.