Kosa la Mwamuzi

Tarehe 20 Januari 2019, mjini New Orleans, katika mpira wa Kimarekani, mchezaji wa Rams alimgonga mpinzani wa Saints kabla mpira haujamfikia. Waamuzi hawakurusha kitambaa chao cha njano. Rams wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, wakaenda fainali. Kocha wa Saints, Sean Payton, alieleza kwamba mkuu wa waamuzi wa ligi alikiri kosa kwake kwa simu.

Sasa, ndugu msomaji, kukiri huko kunamlipa nani? Mtihani ukikosewa alama husahihishwa; mchezo ule haukurudiwa. Aliyegonga alitozwa faini. Msimu uliofuata ligi iliruhusu uamuzi wa aina hiyo ukaguliwe kwenye picha, na mwaka 2020 ikaachana na utaratibu huo.

Mimi simdai mwamuzi macho ya malaika. (Nani anayo?) Namdai maelezo. Usiku ule mwamuzi mkuu alisema kuwa uamuzi ulikuwa wa mwenzake aliyesimamia eneo lile, na kwamba yeye binafsi hakuwa ameliona tukio. Huenda ni kweli tupu. Lakini mimi ningetaka kumsikia huyo mwenzake.