Mafuta, Divai na Mikono Iliyo Tayari

JUMATANO

Soma Luka 10:30-35. Orodhesha mambo aliyofanya Msamaria baada ya kumwona mtu yule aliyejeruhiwa.

Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona. Tofauti yao ilikuwa katika hatua iliyofuata. Msamaria alimkaribia, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa na kulipa gharama. Luka, aliyekuwa tabibu (Kolosai 4:14), ndiye mwandishi pekee wa Injili aliyetuandikia mfano huu. Tunaona kwamba huruma ya Msamaria ilikuwa na vifaa safarini, na ilijua kuvitumia.

Tarehe 6 Mei 2017, siku ya Sabato, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walipoteza maisha. Wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita barabara ile, miongoni mwao wahudumu wa afya, walisimama na kuwahudumia majeruhi. Watoto 3 walinusurika, na baadaye walipelekwa Marekani kwa matibabu zaidi.

Ndugu zetu wa Kikatiti wanaishi kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, penye mabasi, malori na bodaboda. Ajali ikitokea Sabato asubuhi, mkiwa njiani kwenda kanisani na nguo zenu safi, mtafanya nini?

Soma Mathayo 12:11, 12. Yesu anasema nini kuhusu kutenda mema siku ya Sabato?

Yesu alikwisha kujibu kama turuhusiwe kusaidia. Linalobaki ni kama tunajua kusaidia. Mtu mwenye upendo asiye na maarifa aweza kumbeba majeruhi mzobemzobe na kumwongezea madhara. Aliyeumia shingo au mgongo asisogezwe, isipokuwa kuna hatari kama moto au magari yanayokuja. Anayetokwa damu nyingi, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia ili kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Vaa glavu, au funika mikono kwa mfuko safi wa nailoni, kisha nawa kwa sabuni. Mtu mwingine atafute gari la kumfikisha hospitali.

Nyumbani pia kuna dharura. Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, wengi hukimbilia dawa ya meno, majivu au mafuta ya kupikia. Ni kweli kwamba Msamaria alitia mafuta na divai, kwa maana hizo zilikuwa dawa za siku zake. Tunaiga huruma yake, lakini tunatumia maarifa tuliyopewa leo. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipasue malengelenge, funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya. Hata Walawi 15:13 iliagiza maji yanayotiririka kwa ajili ya usafi, karne nyingi kabla watu hawajavijua vijidudu.

Maombi hayazuiliwi na kazi hii. Unaweza kumwomba Mungu huku mikono yako ikiwa imebonyeza jeraha. Huenda aliyelala barabarani hajawahi kuingia katika kanisa lako, na mikono yako ndiyo mahubiri ya kwanza atakayoyapokea.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini mtu mwema aweza kupita kando? Ni hofu, haraka, au kutojua la kufanya?

2. Je, kanisani kwenu kuna sanduku la huduma ya kwanza? Ni nani anajua kilichomo na namna ya kukitumia?

3. Ni mhudumu gani wa afya aliye karibu nanyi mnayeweza kumwalika alasiri ya Sabato awafundishe, pamoja na majirani zenu?