Nani Anahesabu Mara Alizoanguka?



Jumatatu ya Pasaka familia yetu tulitoka pamoja kwenda Bagamoyo. Baba, mama, dada na mumewe, mtoto wao, mdogo wangu wa kiume, na mimi. Tulibeba pilau kwenye hotpoti na kanga za kutandika. Tulianzia Misheni, pale ambapo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwaanzishia makazi watu waliokombolewa kutoka utumwani. Tukapiga picha chini ya ule mbuyu mkubwa, halafu tukashuka hadi ufukweni.

Kwa macho ya watu, ilikuwa siku nzuri. Ila mimi na mdogo wangu tulikuwa hatuongei. Miezi minne kabla, nilimtumia laki sita za ada ya chuo. Hela yangu ya jasho, siyo ya kuokota. Akazipeleka zote kwenye kubeti. Mikeka ikachanika, chuo kikasimama. Baba na mama walishasema naye yakaisha. Mimi nilikataa. Nilikuwa nakwenda Misa, nakomunika, na bado nikimwona sebuleni natoka nje. Yaani hadi Pasaka inapita.

Sasa mpwa wangu, ana miezi kumi na moja na kitu, ndiyo kwanza anasimama dede. Mchanga mkavu ulimshinda, tukamsogeza kwenye ule uliolowa maji, mgumu kidogo. Dada akamwachia mkono. Baba akachuchumaa mbele yake, mikono wazi: "Njoo, babu! Njoo!" Mtoto akapiga hatua moja, ya pili, puu! Akakaa kitako. Akainuka kwa kushika goti la baba, akaanza tena. Puu!

Mama roho ilimwuma, akataka kumbeba. Baba akamzuia: "Mama, mwache. Ukimbeba kila saa atatembea lini?" Lakini na yeye baba hakuondoka pale. Alibaki umbali wa hatua mbili tu.

Nadhani alianguka mara ishirini, labda zaidi. Sijui, maana hakuna aliyehesabu. Hatua tulizihesabu wote kwa sauti kubwa: "Moja! Mbili! Tatuuu!" Alipofikisha nne tulipiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuka kutuangalia.

Nikiwa nashangilia, nikamwona mdogo wangu amekaa peke yake pembeni ya kanga, anachora chora mchangani na kijiti. Swali likanipiga: huyu nimemhesabia nini miezi yote hii? Nilijua tarehe aliyobeti, kiasi gani, na uongo aliotudanganya, wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini kwamba ameacha kubeti, kwamba kila asubuhi anaamka kwenda kubeba zege, hiyo sikuwa nimeihesabu hata mara moja.

Najua utasema nini, kwa sababu hata mimi nilijibishana hivyo moyoni. Mtoto mchanga hatendi dhambi. Anaanguka kwa sababu miguu haina nguvu. Mtu mzima aliyekula ada amechagua mwenyewe. Ni kweli kabisa. Tusiite dhambi bahati mbaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 311, inatufundisha kwamba Mungu si msababishi wa dhambi. Anairuhusu kwa sababu anauheshimu uhuru wa viumbe wake. Angeweza kutufunga mgongoni kwa mbeleko tusianguke kamwe, lakini tusingejua kumpenda kwa hiari.

Swali basi ni hili: akishatuachia mkono, anakaa wapi?

Soma Hosea sura ya 11. Mungu anajieleza kama mzazi aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Mtoto huyo alipokua akamgeuzia mgongo, na huyo hakuwa mchanga tena, alichagua. Mungu anaumia, anakasirika, hafichi. Lakini moyo wake unakataa kumtupa.

Halafu nenda Yohane sura ya 21. Petro alimkana Bwana mara tatu, na alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Yesu mfufuka anamkuta ufukweni, anamwandalia samaki na mkate. Hakumwambia kwamba lile lilikuwa jambo dogo. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, mpaka Petro akahuzunika. Kidonda kiliguswa kweli. Lakini kiliguswa na mtu aliyekuja karibu, tena kwa ajili ya kumpa kazi ya kuchunga kondoo.

Kwa hiyo upendo una makosa mawili. La kwanza ni kumbeba mtu kila saa: kumlipia madeni yote, kumfichia uongo, asijifunze kamwe. La pili ndilo langu: kumwachia mkono na kuondoka kabisa, halafu kuita hiyo "kumfunza adabu". Baba alikuwa katikati ya hayo mawili. Hakumshika mtoto, na hakwenda mbali. Kitubio nacho kiko hivyo. Padre hakuambii hujaanguka. Unaitaja dhambi yako kwa jina, unapewa malipizi, na unainuka.

Jioni, tukisubiri gari la kurudi Dar, nilimsogelea mdogo wangu. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Dogo, hela yangu nakudai, na utalipa. Ila nimekosa kukaa mbali nawe. Nisamehe." Akatazama chini muda mrefu. Akasema tu, "Sawa, kaka. Asante." Basi. Kwenye gari tulikaa siti moja, mpwa wetu akalala kwenye mapaja yake hadi tunafika.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia. Ametuma elfu kumi. Kati ya laki sita! Zamani ningecheka kwa dharau. Siku hiyo nilijikuta nasema kwa sauti, peke yangu chumbani: "Moja!"

Na wewe je? Yuko nani kwenu ambaye unazijua mara zote alizoanguka, na hujui hata hatua moja aliyopiga? Wiki hii msogelee, umbali wa hatua mbili.

Tusali: Ee Bwana, umenivumilia nilipoanguka na hukuondoka. Nipe moyo wa kukaa karibu na ndugu yangu anapojifunza kusimama. Amina.