Na Wenzake

Mwandishi atayarishaye makala ya jarida la kitaaluma huihitimisha kazi yake kwa jambo ambalo wengi huliona ni ukarani mtupu: kuyapanga marejeleo. Jina la ukoo litangulie, jina la kwanza lifupishwe kwa herufi moja, mwaka utiwe ndani ya mabano, jina la kitabu liandikwe kwa mlazo, wala nukta isikosekane pahala pake. Zipo kazi zilizorudishwa na wahariri kwa sababu ya mkato uliopotea. Lakini ndani ya ukarani huo limejificha suala zito: yanapotumika maarifa ya mtu mwingine, ni nani anayestahiki kutajwa, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Mfano mmoja unatoka Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Tarehe 8 Disemba 2000 wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika ugomvi wa muda mrefu baina ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 jarida la Development and Change lilichapisha makala juu ya msiba huo, iliyoandikwa na watu watatu: Tor A. Benjaminsen wa Norwei, pamoja na Watanzania Faustin P. Maganga na Jumanne Moshi Abdallah. Waandishi hao hawakuridhika na jawabu jepesi la kwamba watu waliuana kwa uhaba wa ardhi tu. Walizitazama sera zilizowasukuma wafugaji kando, na hongo iliyowafanya watu wa pande zote wakose imani na wenye mamlaka.

Je, makala hiyo inatajwaje na wanaokuja baadaye? Toleo la saba la mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, lililotoka mwaka 2019 na kufuatwa na majarida mengi hata yasiyohusika na saikolojia, lataka kazi ya waandishi watatu au zaidi itajwe ndani ya matini kwa jina la wa kwanza pekee, tangu mara ya kwanza, kisha yafuate maneno ya Kilatini yenye maana ya "na wenzake". Toleo lililotangulia liliwaruhusu wote watatu waonekane walau mara moja. Sasa ni Benjaminsen na wenzake, 2009. Maganga na Abdallah wanangoja mwishoni, katika orodha ambayo msomaji mwenye haraka haifikii. Hapana aliyekusudia kuwaficha. Lau jina la Abdallah lingetangulia, Mnorwei ndiye angekuwa mwenza. Walakini kanuni iliyo moja kwa wote haiwaangukii wote kwa uzito mmoja, hasa pale ambapo fedha za utafiti aghalabu hutoka ng'ambo. Hilo halisemwi juu ya makala hii. Lasemwa juu ya desturi.

Na hao wawili angalau wamo orodhani. Wanakijiji waliokaa na watafiti wakaeleza walichokiona hawamo kabisa. Sababu inayotolewa ni hii: orodha ya marejeleo huwekwa ili msomaji aweze kukirejea kilichotajwa. Kitabu hurejewa, bali maneno yaliyosemwa barazani hayana rafu wala nambari. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini inadhani kwamba marejeleo yapo kwa ajili ya msomaji tu, kana kwamba yule aliyetoa hadai kitu.

Wilaya hiyohiyo inatoa kinyume cha kuchekesha kidogo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, nyani wa manjano wamechunguzwa tangu miaka ya 1970. Ili kujua nyani jike huishi miaka mingapi na huzaa watoto wangapi, ilibidi kila mmoja atambuliwe kwa sura yake, asichanganywe na mwenziwe. Ni kazi ya subira na ya kusifiwa. Ila mtu akizisoma tafiti za wanyama na za watu wa pande hizo kwa pamoja, huenda akamjua nyani mmoja wa Mikumi kwa undani kuliko mzee yeyote wa Rudewa.

Watu wa pwani wana mizani nyingine. Katika elimu ya hadithi za Mtume, sanadi ndiyo inayoyabeba maneno: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Wanazuoni walipima kama wapokezi wawili waliishi zama moja, kama waliwahi kukutana, na kama mmoja wao alijulikana kwa uongo. Kiungo kimoja kikikosekana, mapokezi yote hudhoofika. Huko neno la mdomo halikuhesabiwa kuwa halirejeleki. Lilirejewa kwa kumjua aliyelisema.

Kukosewa kwa jina si jambo geni pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, ndiye mkono mkubwa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Kwa miongo mingi kilitajwa kuwa ni cha Velten. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ya mwaka 1981, ndiyo iliyolipandisha jina la Mtoro hadi kwenye anwani ya kitabu. Hata hapo mpangaji wa marejeleo alitatizika: amweke chini ya herufi gani? Wapo wanaoandika "Bakari, Mtoro bin Mwinyi", na kwa kufuata kanuni ya jina la ukoo wakampa baba kazi ya mwana. Mtoro alikufa Berlin mwaka 1927, bila kuliona hili wala lile.

Je, basi kila msimulizi wa Kilosa atajwe? La. Mtu aliyeeleza nani alitoa hongo na nani aliipokea angali akiishi na hao aliowataja. Kulichapa jina lake ni kumtia hatarini. Mpokezi wa hadithi alitajwa ili aaminiwe. Shahidi wa Rudewa hufichwa ili alale salama. Tatizo ni kwamba kwenye ukurasa, aliyefichwa kwa huruma na aliyesahauliwa kwa uvivu wanafanana: wote wawili ni pengo.

Mwongozo uleule wa 2019 unalikaribia jambo hili. Unatoa namna ya kumtaja mzee wa jamii za wenyeji asilia kwa jina lake na la watu wake, na unataka kwanza aulizwe kama anaridhia. Haieleweki kwa nini ulizo hilo liishie kwao. Mkulima au mfugaji wa Kilosa naye aweza kuulizwa, na jawabu lake kuchapwa: "Ameeleza mkulima wa Rudewa Mbuyuni, aliyetaka jina lake lisitajwe." Maneno hayo hayazidi mstari mmoja wa tanbihi.