Kizuri Chajiuza? Mwandishi wa Fasihi Pendwa, Bidhaa Yake na Ushauri Wake

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imekwishatumiwa mara nyingi katika kumbi zetu za mihadhara, na mara nyingi zaidi katika mazungumzo ya chai, kuwa ni hukumu dhidi ya mwandishi anayejitangazia kazi yake. Makala haya yananuia kuirudia methali hiyo na kuisaili, hasa inapoelekezwa kwa mtunzi wa riwaya pendwa. Tuseme mtunzi huyo amesimama mbele ya watu na riwaya yake mpya ya upelelezi mkononi. Anaisifu, anaitaja bei, na papo hapo anawafunza wasikilizaji namna ya kubuni kisa, kumficha mkosaji na kuikata sura pale taharuki ilipopanda. Je, ametenda jambo la staha? Na huo ushauri wake, tuupokee kama elimu au tuuone kuwa ni chambo?

Sina budi kuanza na ungamo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea muswada wa riwaya ya upelelezi. Nilisoma kurasa kama kumi, nikamrudishia na kumshauri arejee kwenye tasnifu yake. Alirejea, akahitimu, akaenda kufundisha shule ya upili. Baada ya miaka miwili nilimkuta kwenye baraza ya jengo letu, ameziweka nakala za riwaya ile ile juu ya kijimeza, na ndani ya kila nakala ametia karatasi moja yenye mawaidha kwa waandishi chipukizi. Nilimsalimu nikapita. Nilipofika hatua chache nilimtolea mwenzangu ile methali, kwa sauti ambayo ningeweza kuipunguza.

Tuiangalie methali yenyewe kwanza. Ni methali ya sokoni, nayo inalichukulia soko kuwa lipo. Embe zuri hujiuza kwa sababu limewekwa mahali ambapo mpitaji ataliona, atalibonyeza na kulinusa. Riwaya ya Kiswahili isiyokuwa kwenye orodha ya vitabu vya kutahiniwa inawekwa wapi hapa Kenya? Maduka yetu ya vitabu hujaa vitabu vya kiada na miongozo. Riwaya isiyotahiniwa ikipata pembe ya rafu imebahatika. Kitu kisichoonekana hakiwezi kujiuza, kiwe kizuri kiasi gani.

Historia ya fasihi pendwa inalithibitisha jambo hili. Muhammed Said Abdulla hakulazimika kuizungusha Mzimu wa Watu wa Kale. Ilishinda katika shindano la uandishi wa hadithi lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 hadi 1958, na ikachapishwa mwaka 1960. Shirika lile, lililoasisiwa mwaka 1948, ndilo lililotafuta, likahariri, likachapisha na kusambaza. Bwana Msa na kiko chake, akiandamana na Najum, aliwafikia wasomaji kwa mikono ya watu wengine, na Abdulla akabaki na heshima ya mtu asiyejisemea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mhimili wa aina hiyo ulianguka pamoja nayo. Waliofuata walikuwa na maisha mengine. Elvis Musiba, muumba wa Willy Gamba, alijitosa pia katika uchapishaji, na Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, alianzisha kampuni yake ya Heko. Mtunzi akageuka mhariri, mchapishaji na mchuuzi. Tukimlinganisha na Abdulla kwa mizani ya staha pekee, tutakuwa tunampa Abdulla tuzo kwa kazi iliyofanywa na shirika, na kumwadhibu Mtobwa kwa kukosa shirika.

Hata hivyo, hoja ya mazingira ya kiuchumi haitoshi. Mtu aweza kulazimishwa na shida kutenda jambo lisilofaa, na likabaki kuwa halifai. Kwa hiyo tuulize kama kujinadi kwenyewe, pamoja na kufundisha, ni kinyume cha maadili ya utunzi kama yanavyofahamika katika utamaduni wetu.

Hapa ushahidi unatushangaza. Mwana Kupona binti Msham alipoutunga utendi wake mwaka 1858, aliukusudia kwanza uwe wasia kwa bintiye. Lakini kabla ya kuufunga anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome, kisha anazihesabu beti zake, mia moja na mbili, na kuutaja mwaka wa Hijra. Huo ni ushauri, na ni ushauri unaojipigia debe. Ni kweli kwamba hakuwa akiuza. Malipo aliyoyatafuta ni ya akhera. Ila tunachokitafuta sasa ni kama mtunzi kusema "nisomeni" ni utovu wa adabu, na jibu la jadi ya tendi ni kwamba sivyo.

Ama kuhusu malipo, fundi wa pwani hakuona haya kuyapokea. Mwanagenzi alikaa kwa fundi, akachota ujuzi, na alipohitimu alitoa kilemba, yaani ada ya shukrani. Hakuna aliyesema kwamba ujuzi wa kuchonga mlango umenajisika kwa sababu fundi anauza milango na pia anafunza kuchonga. Kinyume chake: nani angempeleka mwanawe kwa fundi asiyeuza mlango hata mmoja?

Lakini mfano ulio karibu zaidi nasi umo katika maktaba yetu wenyewe, na nashangaa kwamba mimi, niliyeufundisha kwa miaka mingi, sikuuona. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Jina la kitabu linasema kila kitu: kwanza kunga, kisha bidhaa. Mwaka huo huo Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha, ambamo mwandishi wa insha anawaonyesha wengine namna ya kuandika insha kwa insha zake mwenyewe. Euphrase Kezilahabi alipokiuka sheria za vina na mizani katika Kichomi, mwaka 1974, aliitanguliza diwani hiyo kwa maelezo ya kuutetea mwelekeo wake. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Tena kunga, tena diwani, katika jalada moja. Katika mgogoro mzima wa ushairi, kambi zote mbili zilifanya jambo lile lile: zilitoa ushauri na zikaweka tungo zao pembeni ya ushauri huo. Wahakiki hatukuwahi kuwaita wachuuzi. Tuliziita kazi hizo nadharia za ushairi na kuzitungia maswali ya mtihani.

Basi mtunzi wa riwaya ya upelelezi akifanya hivyo hivyo, kwa nini tunasema anatangaza biashara? Sioni tofauti ya kimaadili baina ya vitendo hivi viwili. Tofauti niionayo ni ya kitabaka: ushairi una nasaba, riwaya pendwa ni ya kituo cha basi. Hukumu tuliyoivisha joho la maadili, kwa maoni yangu, ilikuwa hukumu ya hadhi tangu mwanzo.

Nasema haya bila kuyafumbia macho madhara ambayo ushauri wa mtunzi waweza kuyaleta. Sheria za Amri Abedi zilitokana na uzoefu wa mshairi mmoja aliyebobea katika bahari fulani za ushairi. Mikononi mwa waliomfuata ziligeuka kuwa hukumu ya nani mshairi na nani si mshairi. Jambo kama hilo lilitokea Uingereza pia, katika utanzu wa upelelezi hasa. Ronald Knox, kasisi wa Kikatoliki aliyetunga riwaya za upelelezi, alitoa mwaka 1929 amri zake kumi za utanzu huo, ya kwanza ikidai kwamba mkosaji atajwe mapema katika hadithi. Alizitoa nusu kwa mzaha, ila zimenukuliwa tangu hapo na watu wasiokuwa na mzaha. Mtunzi anaposema "mimi hufanya hivi", msikilizaji mwenye njaa ya kufaulu husikia "fanya hivi". Umbali baina ya kauli hizo mbili ndimo mlimo na wajibu wa mshauri, na wajibu huo unamhusu mshairi sawasawa na mwandishi wa Joram Kiango.

Wajibu wenyewe ni upi? Nadhani ni kutoificha gharama. Kuna kisa ambacho hunirudia kila nilifikiriapo suala hili. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza aliyefariki mwaka 1882, aliacha tawasifu iliyochapishwa mwaka uliofuata. Ndani yake aliwaeleza vijana kwamba aliandika kila asubuhi akiwa na saa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa, na akaorodhesha mapato ya vitabu vyake moja baada ya kingine hadi jumla ya pauni 68,939. Jina lake liliporomoka. Wahakiki waliotaka kuamini kwamba sanaa hushuka kama wahyi walichukizwa na mtu aliyeisawazisha na kazi ya fundi viatu. Ajabu ni kwamba lililomponza ni ukweli. Angalisema kwamba alikuwa akipandwa na mizuka ya utunzi usiku wa manane, angaliaminiwa na kuenziwa, na vijana waliomsoma wangalibaki wakiingojea mizuka.

Hapo ndipo ninapoiona hatari halisi, nayo si ya kuuza kitabu. Mnunuzi wa riwaya hupata riwaya. Ikimchosha, amepoteza bei ya kitabu kimoja. Anayelipa ada ya semina ili auziwe tumaini la kuishi kwa kalamu, na mwelekezi akanyamaza kuhusu nakala zilizooza stoo, huyo amepunjwa, hata kama kila kanuni ya msuko aliyofundishwa ni sahihi. Ushauri wa kifani waweza kuwa wa kweli, na ukimya unaouzunguka ukawa uongo.

Na hapa, wasomaji wa jarida hili mniwie radhi, kidole kinatugeukia. Ni nani katika fasihi ya Kiswahili nchini Kenya anayepata zaidi kutokana na ushauri? Sidhani ni mtunzi wa riwaya pendwa. Ni sisi tunaoandika miongozo ya riwaya za watu wengine, tukimwambia mtahiniwa afikirie nini kuhusu kitabu, wakati mwingine kabla hajakifungua. Nimeandika mwongozo mmoja wa aina hiyo. Uliniletea fedha nyingi kuliko makala yangu yote ya kitaaluma yakijumlishwa, jambo ambalo si gumu, kwani makala hayaleti chochote. Hakuna aliyenitolea methali. Sikuwa na kijimeza barazani. Mtaala ulikuwa kijimeza changu.

Ile karatasi ya mwanafunzi wangu niliipata baadaye, ndani ya nakala aliyoiacha mwenzangu ofisini. Niliisoma kabla ya riwaya. Ilimshauri mwandishi chipukizi aiandike sura ya mwisho kwanza, ili ajue anachokificha. Ilimtaka amkutanishe msomaji na mkosaji kabla ya sura ya pili kwisha, na ampe mkosaji huyo kazi nyingine ya kufanya katika hadithi, ili uwepo wake usitiliwe shaka. Kisha, bila kubadilisha sauti, ilieleza kwamba sura ya kwanza iliandikwa upya mara tisa, kwamba uchapishaji ulimeza mshahara wa miezi minne, na kwamba nakala zilizouzwa hadi siku ile hazikufika nusu ya zilizochapishwa. Mwishoni ilikuwapo bei.

Nililipa bei hiyo, kwa kuchelewa, nikaisoma riwaya yote. Sitadai kwamba ni kazi bora. Wahusika wa kike ni vivuli, na mazungumzo ya polisi yanaelekea kufanana na ripoti zao. Karatasi imeishinda riwaya. Mkosaji nilimtambua katika sura ya tatu, ilhali sura zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Nilimwandikia nikamwambia hivyo, pamoja na lile la methali. Kuhusu methali hakusema neno. Aliuliza tu kama ningeweza kumwonyesha ni sentensi ipi iliyomfichua mkosaji wake, na kwa kuwa nilikwishajitia katika kushauri, niliifungua tena sura ya tatu nikaanza kuitafuta.